Karafuu za Parwin

Ujumbe wa Nasra ulinikuta Bukoba, nikikanda unga katika jiko la watu, na simu ikabidi niifungue kwa kiwiko. "Kadzo, Bibi katutoka. Alfajiri, usingizini. Njoo ukiweza." Nimeishi miji mingi, na mingi kati ya hiyo nimeiacha bila kumuaga mtu, lakini kwa safari hii ya Muscat nilikata tiketi jioni ile ile. Nilipofika, matanga yalikuwa yameanza kupoa. Wanawake walikaa juu ya mazulia wakinywa kahawa, na mmoja wao akaniinamia akaniuliza kwa adabu, "Wewe ni nani wake marehemu?" Kabla sijapata la kujibu, Nasra alisema kutoka upande wa pili wa chumba, kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyo ndiye aliyenitafutia mama yangu." Wote wakageuka kunitazama. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikajikuta nimenyoosha mgongo kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa, jambo ambalo darasani halikuwahi kunitokea.

Shule niliiacha mapema, na habari za nilikotoka haziongezi kitu hapa. Tangu nilipoiacha nimekuwa nikijifunza kwa kuwauliza watu maswali yasiyonihusu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nikitengeneza nywele katika saluni moja ya Hamriya, hapo hapo Muscat, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Shariffa, nyuma ya maduka ya vitambaa. Kilikuwa chumba cha kuhifadhia mchele kabla sijaingia mimi, na harufu ya magunia haikuwahi kukitoka. Dirisha lake dogo lilifunguka jikoni, kwa hiyo nililala na kuamka katikati ya maisha ya watu: mlio wa kibao cha mbuzi, mkate wa kumimina ukipanda chunguni, na sauti ya Bi Shariffa akimsimulia shoga yake, Bi Zuwena, mambo ya Unguja waliyoiacha wakiwa wasichana. Walizungumza Kiswahili kilichokatwa hapa na pale na Kiarabu, na mimi nilikuwa nikitulia kitandani nikasikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Bi Shariffa alijua. "Kadzo," angesema bila kugeuka, "ukishamaliza kusikiliza njoo unisongee ugali wenu huo, nna hamu nao leo."

Nasra alikuwa mjukuu wake, na ndiye aliyekuwa akilala chumba cha juu. Alifanya kazi wizarani, alivaa miwani, na alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja wa Ruwi. Baba yake alikwenda Baghdad kusoma, akamwoa huko muuguzi aitwaye Parwin, na Parwin akafariki kwa uzazi. Baba akamleta mtoto mchanga Muscat, akamweka mikononi mwa Bi Shariffa pamoja na mfuko mmoja, na baada ya miaka michache naye akafa kwa ajali ya gari bila kusimulia mengi. Katika nyumba ile Parwin alikuwa "mtu wa Iraq", basi. Siku moja usiku wa Ramadhani, tukila vitumbua, nilimuuliza Nasra kama hajawahi kutaka kujua zaidi. "Nna jina tu, Kadzo. Jina halina mlango wa kubisha hodi. Naolewa mwakani, na upande wa mama yangu hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia." Hakulia. Alichukua kitumbua kingine. Lakini tangu usiku ule sikuweza kupumzika, maana hiyo ndiyo hulka yangu: nikionyeshwa mlango uliofungwa, hata kama si wangu, nitautikisa.

Ndani ya ule mfuko mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana, pambo la fedha. Kilikuwa kisahani chenye nakshi, upana wake kama wa kiganja, na kwenye ukingo wake ilining'inia minyororo mingi yenye sarafu ndogondogo. Mnyororo mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine, una vijani vya fedha vilivyochezacheza, na ncha zake mbili zilikuwa na kulabu. Na pamoja na minyororo hiyo, umefungwa kwa uzi wa pamba, kulikuwa na mkufu wa karafuu. Karafuu kavu, nyeusi kwa uzee, zimetungwa moja moja na kuchanganywa na shanga za buluu. Ukizisugua bado zilinukia. Wanawake wa familia walilivaa pambo lile kifuani katika harusi, kwa zamu, na habari yake kila mtu aliijua. Bi Shariffa aliisimulia hivi: mwanawe, akiwa peke yake Baghdad, alikamatwa na hamu ya Unguja, akanunua karafuu, akazitunga kwa mkono wake, akamfunga nazo mkewe juu ya fedha ili mwanamke yule wa ugenini anukie kwao. "Karafuu duniani inatoka wapi?" alikuwa akiuliza akimaliza, na hakuna aliyethubutu kujibu, kwa kuwa jibu lilikuwa moja. Lilikuwa simulizi zuri. Nilipolisikia mara ya kwanza nilitokwa na machozi, na hata leo, nikijua halikuwa kweli, bado nalipenda.

Simulizi hilo lilianza kuvunjika mbele ya kioo. Binamu yake Nasra alikuwa anaolewa, zamu ya kuvaa pambo ilikuwa ya Nasra, na mimi nilikuwa nikimfunga nywele chumbani kwake. Kila nilipokilaza kile kisahani kifuani kilipinduka. Nilikishika nikakitazama upande wa ndani. Kilikuwa kimebonyea chote kama bakuli, na ukingoni kilikuwa na vitundu vidogo vya kupitishia uzi. "Nasra," nikasema, "hebu tulia." Nikakiweka juu ya utosi wake. Kikatulia pale kama kilikuwa kinarudi nyumbani. Minyororo ikaanguka pande zote, sarafu zikajipanga kwenye paji la uso, na ule mnyororo mrefu, nilipouvuta chini ya kidevu, kulabu zake zikafika sawasawa kwenye masikio. Tulikitazama kioo wote wawili. "Ya Rabbi," akasema Nasra. "Miaka yote tumelivaa kichwa chini." Ilikuwa imekosekana kofia tu, ya kitambaa au ya sufu, iliyooza zamani na kuacha vitundu vyake. Bi Shariffa aliingia kuharakisha watu, akamkuta mjukuu wake hivyo, na uso wake ukabadilika. "Vua," akasema. "Sisi hatuvai hivyo." Nasra akamjibu taratibu, "Sisi hatuvai, Bibi. Labda wao wanavaa."

Usiku ule, harusi imekwisha, nilimsikia Bi Shariffa jikoni na Bi Zuwena. Hakuwa akisimulia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nnaogopa, Zuwena. Kitoto kile nimekilea kwa maziwa ya kopo na macho haya hayajafumba. Leo ikijulikana kina kwao, na shangazi na mama wadogo, mimi n'takuwa nani? Yaya?" Bi Zuwena akamwambia aache upuuzi. "Upuuzi gani? Zile karafuu ndizo zangu pale. Ndicho kipande changu cha yule mtoto kabla hajazaliwa." Nililala nikitazama dari. Ni rahisi kuutafuta ukweli wa mtu anayeutaka. Huyu wa pili, ambaye ukweli ungemnyang'anya kitu, ndiye aliyenipa chakula kila jioni.

Hata hivyo tulikwenda Mutrah, Nasra na mimi, Alkhamisi iliyofuata. Nasra alimjua muuza fedha mmoja sokoni, Bwana Masoud, mzaliwa wa Pemba, mtu aliyesomea mambo ya vitu vya kale na mwenye meza iliyojaa vitabu na vikombe vya chai. Alilipokea pambo kwa mikono miwili. "Si la Oman," akasema, bila hata kuvaa miwani. "Fedha yetu nzito, imeyeyushwa kutoka riale za Maria Theresa. Hii nyepesi. Wala si ya Unguja." Kisha akatuonyesha sarafu. Baadhi zilikuwa na simba mwenye upanga, za Uajemi. Nyingine zilikuwa na saini ya masultani wa Uturuki. "Sarafu hazikwambii kitu kimetoka wapi, zinatembea kuliko watu. Lakini anayeshona hizi mbili katika pindo moja, huyo anakaa mpakani. Ananunua chumvi upande huu, anauza sufu upande ule. Milima ya huko kaskazini. Kuna Waturkmeni, kuna Wakurdi, kuna Waarabu, wote wanapamba kichwa." Nikamuuliza kuhusu karafuu. Akazinusa, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa. "Bibie, mimi Mpemba. Nikikwambia karafuu zimenishinda, ujue zimenishinda kweli." Bi Shariffa alipoambiwa tulikwenda kwa nani alipiga makofi. "Mpemba! Mmekwenda kumuuliza Mpemba habari za Unguja!" Na kwa siku kadhaa hilo lilimfurahisha sana.

Mimi niliingia katika duka la intaneti la Ruwi, pembeni ya kituo cha mabasi, katikati ya vijana waliokuwa wakiongea na wake zao Kerala, nikatazama picha za vichwa. Sikujua kusoma kila kitu kilichoandikwa, lakini vichwa ni kazi yangu. Niliona visahani vya Kiturkmeni, vya duara, vya fedha, nikaruka kwenye kiti. Nilirudi nyumbani nikatangaza kwamba Nasra ni Mturkmeni, nikaeleza mpaka habari za farasi. Nilikosea. Visahani vile vilikuwa na dhahabu iliyopakwa na mawe mekundu makubwa, letu halikuwa na hata moja, na Nasra alinionyesha hivyo siku ya pili, kwa upole. Bi Shariffa hakuwa mpole. "Jana Muunguja, leo Mturkmeni. Kesho utanambia Mchina. We Kadzo, una miguu ya mtu aliyeunguliwa na nyumba, na akili yako imefuata miguu." Nilicheka, lakini ilinichoma. Ndipo nikafanya jambo nililojua kulifanya tangu zamani, ambalo ni kuuliza kila mtu. Nilimpiga Nasra picha akiwa amelivaa pambo kichwani, mkufu wa karafuu umeshuka kifuani, nikaibandika kwenye kona ya kioo changu saluni. Hamriya inapita dunia nzima. Wateja wangu walikuwa Wafilipino, Wahabeshi, Wamisri, Walebanoni, Wakenya wenzangu wa hoteli. Kila aliyekaa kwenye kiti changu aliulizwa. Mkenya mmoja, mpishi, aliniambia, "Kadzo, si utume hiyo picha kwa polisi? Unaulizia kama umeibiwa ng'ombe."

Mwezi ukapita, na mwingine. Kisha siku moja ya joto aliingia mwanamke mrefu, mwenye nywele nzito za rangi ya kahawia, mke wa daktari wa hospitali. Jina lake Shirin. Alikaa, nikamfunga taulo, nikaanza kumwosha. Nilipomrudisha mbele ya kioo aliiona picha, na mabega yake yakakaza chini ya mikono yangu. Alinyoosha kidole, maji yakimtiririka shingoni, akagusa zile karafuu kwenye karatasi. Hakugusa fedha hata kidogo. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Nani anaolewa?" Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha saluni, kwamba anaolewa rafiki yangu, na kwamba pambo ni la mama yake. "Mama yake Mkurdi," akasema Shirin. Halikuwa swali. Kwao, akaeleza, bi harusi hutungiwa karafuu na mama yake na dada zake. Bibi yake mwenyewe alikuwa nazo, na akimkumbatia alikuwa akinukia hizo. Kuhusu fedha alikuwa na uhakika mdogo kidogo: mjini kwao, Suleimaniya, wanawake walikuwa wameshahamia kwenye dhahabu, kwa hiyo kofia ya fedha yenye sarafu za pande zote mbili angeitafuta milimani, mpakani na Iran, Penjwin au karibu na hapo. Niliiweka chini mashine ya kukaushia nywele kabla sijaiwasha. Nayakumbuka mapovu yaliyobaki kwenye sikio lake, na jinsi nilivyomwomba, bila hata kumkausha vizuri, aje nami nyumbani Ijumaa.

Alikuja amebeba sinia la zabibu kavu na lozi. Bi Shariffa alikuwa amejiandaa kama anakwenda mahakamani: kanga mpya, udi umefukizwa, kahawa chungu na halwa mbele yake. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, akamsikiliza mpaka mwisho, Nasra akiwa katikati yao, kisha akasema kwa Kiarabu safi, "Mwanangu alizitunga hizi karafuu. Wewe ni mgeni wangu, sikukatalii, lakini karafuu ni yetu." Shirin hakubishana. Aliomba karafuu, sindano na uzi. Nilivileta kutoka jikoni. "Tunga, mama," akamwambia Bi Shariffa. "Unijulishe mlivyokuwa mkifanya." Bi Shariffa akachukua karafuu kwa kiburi cha mtu aliyezichuma tangu utotoni, akasukuma sindano. Ikapasuka. Akachukua nyingine, ikapasuka nayo, kichwa upande mmoja na kikonyo upande mwingine. Bi Zuwena akajaribu, akajichoma kidole. Shirin akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amekuja na karafuu zilizolowekwa kwenye maji tangu jana yake, laini, zimevimba. Akazipitisha sindano moja baada ya nyingine, kwa kukingama, chini kidogo ya kichwa, na kila moja ilipoingia kwenye uzi aliigeuza ili kichwa chake kitazame nje. Akaulaza uzi wake kando ya ule wa Parwin. Vichwa vyote vilitazama nje. Na kitundu cha sindano kilikuwa pale pale.

Bi Shariffa alizitazama muda mrefu. Aliokota ile iliyompasukia, akaiweka kwenye sahani. "Mwanangu hakuwa na mikono hii," akasema kwa Kiswahili, zaidi kwa nafsi yake. "Hata kifungo alikuwa hajui kushona." Nilikuwa nikimwonea huruma, nikitafuta neno, alipoinua kichwa na kumuuliza Shirin, "Na huko kwenu milimani inaota karafuu?" Shirin akacheka: haioti, huletwa na wafanyabiashara kutoka mbali, tangu zamani za mabibi. Bi Shariffa akalipokea jibu hilo kama mtu anayepokea zawadi aliyokuwa akiistahili. Akamgeukia Bi Zuwena. "Umesikia? Zimetangulia. Karafuu zetu zimefika kwa mama yake mtoto huyu kabla mwanangu hajazaliwa. Na mimi nnakaa hapa nnagombana!" Kisha akamsogezea Shirin sahani ya halwa, na nikajua kwamba tumeshinda sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote, na kwamba sikuwa mimi niliyeishinda.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya simu. Mama yake Shirin, huko Suleimaniya, hakuhitaji zaidi ya maneno machache: Parwin, muuguzi, Baghdad, mume kutoka Oman. Vita vilikuwa vimewatawanya watu wa Penjwin huku na huko, lakini msichana aliyeolewa mpaka kwenye bahari ya mbali si habari inayosahaulika katika mji mdogo. Aliuliza sokoni, akauliza msikitini, akauliza kwenye misiba. Na Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, tukiwa tumekaa katikati ya masinia ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyaondoa, simu ya Shirin ililia, akaiweka katikati ya zulia na kuongeza sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, akiongea haraka. Shirin alitafsiri. "Anaitwa Runak. Anasema Parwin ni dada yake mkubwa. Anasema walijua amekufa, hawakujua mtoto aliishi." Nasra aliweka mkono mdomoni. Nami, kwa kuwa nilishakosea mara moja kwa haraka, nilimwomba Shirin aulize kama yupo mtu mwingine aliyewahi kuwa na jina hilo na safari hiyo. Asije Nasra akapewa mama wa watu.

Runak alilielewa swali na hakulichukia. Alisema kitu kirefu, na Shirin akamgeukia Nasra macho yakiwa yamejaa. "Anasema, kitazameni kile kisahani kwa ndani. Kuna kibonyo karibu na ukingo. Alikidondosha yeye kwenye ngazi ya mawe, akiwa na miaka sita, siku moja kabla ya harusi ya binamu yao. Parwin alimlinda, akamwambia mama yao kwamba amekidondosha yeye Parwin, akachapwa Parwin." Nasra alilileta pambo. Tuligongana vichwa tukikitazama. Kibonyo kilikuwepo, kidogo kama ncha ya kidole, tulichokuwa tumekipita mara mia tukidhani ni uchakavu tu. Nasra alikigusa, akaiinamia simu na kusema kwa Kiarabu, polepole, ili apate kusikika, "Kipo, khaalati, mama yangu mdogo. Nimekishika." Upande wa pili ulilipuka kwa kilio, na nyuma ya kilio kulikuwa na sauti nyingine, na nyingine, nyumba nzima ilikuwa imejazana kwenye ile simu.

Ndipo Bi Shariffa alipoinyakua. Alikuwa hajui lugha yao, na Runak Kiarabu alikuwa nacho kidogo, lakini hilo halikumzuia. "Mimi Shariffa," akapaza sauti, kama anaita ng'ambo ya bonde. "Mimi ndiye niliyemlea mtoto wenu. Amesoma, anaswali, ana kazi yake, na pilau lake hamtalipata Muscat nzima. Anaolewa baada ya mfungo mosi. Hatumtoi bila nyie. Mnasikia? Hatumtoi!" Shirin alitafsiri mbio mbio, akicheka na kulia. Mara kutoka kwenye kile kisimu kidogo vikaja vigelegele, vikali, virefu, vya wanawake wengi kwa pamoja, na havikuhitaji tafsiri, maana Bi Zuwena alikuwa ameshavijibu, na mimi pia, mpaka jirani akafungua dirisha. Bi Shariffa alikuwa ameiziba simu kwa kiganja, anatupungia mkono tunyamaze. "Shirin! Hebu waulize kwanza wako wangapi, nijue nnaazima sufuria kwa nani!"